Macho ya Babu Ukutani

Nilipokuwa na miaka minane niliamini, wala si kwa kubahatisha, kwamba mama yangu mdogo alimtoa babu macho yake mawili, akayazalisha kwa dawa ya kwao mashariki mpaka yakapita hamsini, kisha akayabandika kwenye ukuta wa nyumba yetu hapa Gisenyi. Usinicheke kwanza. Ungeuona ukuta wenyewe ungeamini, na kama ungekuwa na jirani kama wetu, yule mama wa maandazi, ungeamini hata kabla ya kuuona.

Yamenirudia juzi nikiwa benki. Nilikwenda kwa shida zangu ndogo, nikakuta wamepamba ukuta mzima kwa maumbo meusi na meupe, yamechongoka juu na chini kama uru ya karata, moja ndani ya jingine, safu juu ya safu, hayana mwanzo wala mwisho. Watu wamepanga foleni mbele yake wala hawana habari. Mimi mkono ukaenda wenyewe. Nilitia dole gumba pale nikakuta pamelala, laini kama sahani. Karatasi tu, imegandishwa na gundi.

"Muzee, usiguse," akasema kijana wa mlangoni. "Ile iko mapambo tu."

Nikamwambia naona ni mapambo, ndiyo maana kidole changu kimekasirika. Alinitazama kama mtu anayewaza amwite nani. Nikarudi kwenye foleni, lakini ukweli ni kwamba kuanzia hapo sikuwa tena benki. Nilikuwa uani kwetu, miaka ya hamsini, natoroka kutumwa chumvi.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Waswahili, nyumba ya ushoroba katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, jiko la nje, na choo mwisho kabisa wa ua karibu na uzio wa matete. Asubuhi ilinuka moshi na mafuta ya maandazi ya jirani. Jioni ilinuka majani ya muhogo yanayotwangwa, na kama baba yupo, samaki wa kukaanga kutoka Rubona. Baba alikuwa dereva wa lori. Nasema kama yupo kwa sababu mara nyingi hakuwepo. Nadhani nilimfahamu zaidi kwa honi kuliko kwa sura. Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaota meno. Baba akakaa, akakaa, halafu safari moja akarudi kutoka mashariki ya nchi, upande wa Gisaka, akiwa na magunia ya maharage na mke. Huyo ndiye mama mdogo. Kiswahili chake siku ile kilikuwa maneno kumi, na matano kati ya hayo yalihusu chumvi.

Babu alikuwa fundi cherehani. Baba yake alimleta akiwa mtoto kutoka Ujiji, nyuma ya mizigo ya vitambaa, na tangu hapo, nakuambia bila kuongeza sana, hapakuwa na suruali kati ya ziwa na volkano ambayo yeye hakukijua kiuno chake. Aliwashonea mashehe, mapadri, makarani na wake wa Wabelgiji. Alikuwa na futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni hata akilala, na dole gumba lililoweza kukuambia kitambaa kimetoka duka gani na mwenye duka alikuwa na hasira au la. Kisha ukungu ukaanza kumwingia machoni. Kwanza sindano ilimkatalia uzi, nikawa namtungia mimi. Halafu ikafika siku akaomba sindano nikamwekea mkononi, akaishika, akainua juu kwenye mwanga, akaishusha, akasema, "Ifunike cherehani." Ndiyo hivyo tu.

Sasa, taabu haikuwa upofu. Taabu ilikuwa kwamba alikataa kuongozwa. Baba alimwambia, "Baba, huyu mtoto atakushika tu mpaka uani, hatua chache." Babu akajibu kwa lile neno ambalo ukoo wetu unalirudia mpaka leo: "Anayeshikwa mkono ni mtoto na mwizi." Akajifungia chumbani. Akawa anatumia ndoo, na mama mdogo ndiye aliyeitoa alfajiri, imefunikwa jani la mgomba, kabla mtaa haujaamka. Wakati anaitoa, babu aligeukia ukutani. Halafu akaanza kula kidogo. Akanywa kidogo. Nilidhani amechoka na mapishi ya kutoka Gisaka. Mtu mzima angeelewa kwamba alikuwa anaipunguzia ndoo kazi. Mashavu yakaingia ndani, futi ikawa nzito shingoni kuliko yeye mwenyewe. Jirani alichungulia siku moja akatoka akitikisa kichwa: "Muzee anakwisha, mi nakuambia. Mutu hakufi na macho, anakufa na aibu."

Ndipo mama mdogo akaanza kazi yake ya ukuta.

Tulikwenda Cyanzarwe, yeye na mimi, kufuata mavi ya ndama. Si ya ng'ombe mkubwa, ya ndama, tena mabichi. Alikuwa mchaguzi kama bibi harusi sokoni. Tulirudi na vikapu kichwani, inzi wote wa wilaya wakitusindikiza kama msafara wa chifu. Alichanganya na majivu, akaponda, akaponda tena. Kwa vidole vyake akayainua ukutani yakawa mistari minene kama kidole, imekakamaa, iliyotuna. Kwao waliiita migongo, na kweli ilikuwa migongo, ungeweza kuipapasa kama ya mbuzi. Yakishakauka anapaka. Rangi nyeupe ilikuwa udongo ambao baba alimletea ndani ya lori kutoka huko kwao. Nyeusi aliichemsha mwenyewe, matunda ya ndulele na majivu na sijui nini, siku nzima, na ilikuwa nyeusi isiyoambukiza mkono, ukiigusa haikuachii alama. Nyumbani kwao vitu hivi vilipamba ndani, pale juu ya kitanda. Yeye alianzia kwenye mlango wa babu, kimo cha kiuno, akafuata ushoroba wote, akapinda kwenye mlango wa nyuma, akatoka, akapita chini ya upenu wa jiko, mpaka mwisho wa ua. Jicho, jicho, jicho. Weusi nje, weupe ndani, nukta nyeusi katikati. Kila mahali palipo na mlango aliweka nusu jicho. Mimi nikajua hilo limesinzia.

Na alipima. Babu alimpa futi yake, kitu ambacho hakuwahi kumpa hata baba. Akasimama kwenye mlango wa chumba, anasikiliza, anasema, "Sogeza. Hapo. Usibane." Jirani akawaona kupitia uzio, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na hapo ndipo habari ilipozaliwa.

"Alimupima macho na futi yake mwenyewe," aliwaambia wanunuzi wa maandazi, na mimi nikiwa mmoja wao. "Nimeona na macho yangu, mimi ambaye bado niko nayo. Wewe mutoto, ile kitu katikati ya kila moja, ile nyeusi, unafikiri ni nini? Ni mboni."

Nilirudi nyumbani na andazi mkononi, nikatazama. Zilikuwa mboni.

Ushahidi ukaongezeka kila siku. Babu alianza kutoka chumbani. Peke yake. Alikuwa anaweka dole gumba ukutani, anatembea taratibu kwa heshima zake zote, kanzu imenyooka, mpaka uani. Anaketi kwenye mkeka, baadaye anarudi. Mkono ukiwa ukutani, anaona. Akiutoa ukutani, ni kipofu. Sasa niambie wewe uliyesoma: macho yalikuwa wapi? Akaanza kula tena, akaomba pilipili, akamkemea baba kuhusu mapindo ya suruali yake kwa kuyashika tu. Hata hilo halikunituliza. Niliona mwizi amemwibia mtu shamba, sasa anamruhusu kupita humo.

Ila nikuambie jambo jingine kuhusu ule ukuta, ambalo hakuna aliyenifundisha. Ukiutazama kidogo unaona macho. Ukiendelea, macho yanaacha kuwa macho, yanakuwa vichochoro vyeupe kati ya vilima vyeusi. Ukiendelea tena hujui kipi kimechorwa na kipi kimeachwa. Hapo ndipo kichwa kinatulia, kama maji ya beseni lililowekwa chini. Nilikuwa nautazama kwa hofu, na baada ya muda hofu yenyewe sikujua nimeiweka wapi. Nilitumwa chumvi nikakutwa hapo jua limepinda. Jirani alikuja kuazima chekecheo, akasimama kuutukana kidogo, akakaa mpaka maandazi yake yakaungua huko kwake, akasema umemroga. Kuna mtu alikuja kudai kitu fulani kwa baba, akakaa uani akiusubiri ukuta umalize, akaondoka bila kudai. Hilo naapa.

Hata madamu mmoja wa nyumba za kando ya ziwa alikuja. Babu alimshonea magauni zamani, na yeye mwenyewe alikuwa akichora picha: ziwa, milima, na ng'ombe wanaofanana na meza. Alikuja kumjulia hali, akauona ukuta, akaomba kigoda. Chai aliyopewa ilipoa mpaka ikafanya utando. Mwishowe akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Moyo yangu inalala." Akataka kununua kipande, alete fundi amkatie.

"Haiuzwi, madamu," akasema mama mdogo. "Iko na kazi yake."

"Kazi gani?"

"Kazi ya ukuta."

Babu kwenye mkeka alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine.

Mwaka huo Ramadhani ikafika. Lazima ujue kwamba babu ndiye aliyekuwa mwonaji wa mwezi wa mtaa wetu. Watu walisema mwezi wenyewe ulimwomba ruhusa kabla ya kuandama. Siku za mfungo zikapungua, wazee wakawa wanapita wakiulizana nani atauangalia mwezi wa Idi safari hii, na wanaposema hivyo wanashusha sauti karibu na mlango wetu. Mimi nikaamua. Sikuhitaji yote hamsini na ushee. Mtu wa kuangalia mwezi anahitaji mawili, na nikaona nimwekee na ya akiba. Mchana mmoja, mama mdogo akiwa sokoni na babu amelala, nilichukua mkasi mkubwa wa kushonea nikakwangua macho saba pale chini ya upenu wa jiko. Yalitoka vizuri. Nikayafunga kwenye kipande cha kitambaa, nikayasukuma chini ya mto wa babu, kwamba yataingia yenyewe usiku kwa kuwa yanamjua mwenyewe.

Alfajiri, baada ya daku, nilijibanza kwenye mlango wa jiko kuusubiri muujiza. Babu akatoka. Dole gumba ukutani, kanzu nyeupe, mwanga ndio kwanza unaanza kijivu. Akapinda mlango wa nyuma. Akaja, akaja, akafika nilipokwangua.

Akasimama.

Dole likatafuta mbele, likakuta bapa. Likapanda juu, likashuka. Mkono wa pili ukaja kulisaidia. Akarudi nusu hatua, akasogea nusu hatua. Halafu akatulia kabisa, viganja vyote viwili ukutani, kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Sikuelewa kwa nini haendelei. Ng'ambo ya uzio jirani alikuwa anawasha moto; yeye Mkristo, Ramadhani haikumzuia kukaanga.

"Shikamoo muzee," akasema. "Unafanya nini pale?"

"Marahaba. Natazama kazi ya mkwe wangu."

Jirani akaacha kuchochea moto. Nafikiri alijishika macho yake mwenyewe kuhakikisha yapo.

Babu aliendelea kutazama. Alitazama moto wa jirani ukishika, alitazama jogoo wakimaliza zamu zao, alitazama mpaka miguu yake ikaanza kupishana chini ya kanzu, huu juu ya ule. Hakuita mtu. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale, na nilikuwa nahesabu dakika za muujiza.

Mama mdogo akatokea na beseni la maji. Alimwona babu, akaona ukuta, akaona jirani ameegemea uzio. Akaenda moja kwa moja kwa babu, na yule mwanamke ambaye alibeba maji kutoka bombani mpaka nyumbani bila kudondosha hata tone, akajikwaa pasipo na kitu, akamwaga beseni zima kwenye kanzu ya babu kuanzia kiunoni.

"Ayiwe, baba, nisamehe. Nimekumwagia."

"Wewe mwanamke huna macho?" akanguruma babu.

Jirani alicheka mpaka uzio ukacheza. "Amechukua yote ya muzee na bado haoni!"

Mama mdogo akageuka kurudi ndani, akitwanga ardhi kwa nyayo kama askari, na babu akamfuata nyuma, maji yakichuruzika, mpaka dole likapata ukuta wenye migongo tena. Kufika adhuhuri macho saba yalikuwa yamerudi mahali pake, mabichi, yananuka. Hakuna aliyeuliza nani. Mkasi niliukuta kwenye droo ya cherehani. Alasiri babu akaniita, akaniwekea mkono kichwani, akaushusha mpaka kwenye vidole vyangu, akapitisha dole gumba kwenye kucha.

"Kucha hizi zina mavi ya ndama," akasema. "Kanawe, tukaswali."

Mwezi wa Idi ulipoandama niliuona mimi. Nilimwonyesha kwa kidole, nikakumbuka, nikamweleza kwa maneno: mwembamba, umelalia upande wa Goma. Akasema vizuri, huo ndio wenyewe. Aliishi miaka mitatu zaidi akila pilipili, na hakuna mtu aliyewahi kumshika mkono mpaka siku ya kumwosha.

Nyumba iliuzwa. Aliyeinunua alivunja ushoroba, akajenga vyumba vya wageni, na mahali pa jiko letu sasa kuna gari la mtu. Sijui nani leo Gisenyi anajua kuchemsha ile rangi nyeusi isiyoambukiza mkono. Maandazi yapo, lakini hayana habari ndani yake.

Mimi nikaja kusoma shule ya usiku, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nikachukua muda wa kutosha wanafunzi wengine watatu kumaliza. Mwalimu akatupa insha: kitu kimoja kilichokufundisha kutazama. Niliandika kuhusu ukuta. Niliandika kwamba umbo linaporudiwa bila kuchoka, akili inaacha kuuliza na moyo unalala. Kwamba mwanamke mmoja wa Gisaka alilijua hilo bila kitabu, akamponya mkwewe huzuni kwa weusi na weupe. Mwalimu alinipa alama ambazo nafikiri hazikuwepo kabla yangu. Nikaibeba insha mpaka kwa mama mdogo. Alikuwa mzee sasa, ameketi kizingitini na ungo wa maharage, anatoa mawe. Nikamsomea yote, na sauti niliitia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Ni nzuri. Pale pa moyo kulala ni pazuri sana." Akatupa jiwe. "Lakini sikufanya kwa ajili ya moyo. Ilikuwa ya kumfikisha chooni."

Nikakaa chini.

"Alikuwa anashika na dole gumba, anahesabu. Thelathini na nne mpaka mlango wa nyuma. Hapo nusu, ajue kuna kizingiti. Kisha kumi na tisa mpaka choo. Wewe ulikwangua saba."

"Na yale maji?"

"Alikuwa amechelewa. Na jirani alikuwa anatazama."

Nilihesabu mawe matano. Halafu nikauliza, maana shule ya usiku inafundisha angalau kuuliza: kama ilikuwa ya dole gumba, rangi ilikuwa ya nini? Siku nzima kuchemsha ndulele, udongo mweupe kutoka mwisho wa nchi, kwa mtu asiyeona. Na wewe mtaa mzima unakuita mchawi mpaka babu anakufa, hukusema neno.

Aliutikisa ungo, akapuliza maganda.

"Migongo ilikuwa ya babu yako," akasema. "Rangi ilikuwa ya majirani. Nisingeipaka, wangeona ni kamba ya kipofu."